Motokaa Tuliyozeeka Nayo

Watu wengi wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, hawasahau siku waliyonunua motokaa. Wanakumbuka bei, wanakumbuka rangi, na wanakumbuka hata majirani waliokuja kusema hongera. Lakini mwulize mmoja wao ni lini alipobadilisha maji ya rejeta kwa mara ya mwisho, naye atakukodolea macho kana kwamba umemwuliza liliko kaburi la babu wa babu yake. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo, na leo, mpenzi msomaji, nataka nikueleze jinsi nilivyofunzwa.

Mwaka 2004 nilinunua Toyota Prado ya mwaka 1997, ya injini ya dizeli ya lita tatu, yenye safu tatu za viti. Iliteremshwa Kilindini kutoka Japani ikiwa imekwenda kilomita 78,000. Kenya haikubali kuingizwa motokaa ya mtumba iliyozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo yangu ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu kabla ya mlango kufungwa. Hata hivyo hapa Diani kila mtu aliiita "gari jipya", nami sikuwasahihisha.

Huenda ukajiuliza, kwa nini Mjapani auze motokaa ambayo bado nzima? Kwao kila motokaa ya nyumbani hukaguliwa na serikali inapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama zake. Wengi huona heri wauze kabla ya kulipa tena. Na kwa kuwa wao, kama sisi, hushika upande wa kushoto wa barabara, usukani wao uko pale pale tunapoutaka. Basi raha aliyoichoka mwenzetu huko mbali ndiyo inayoanza upya Ukunda na Msambweni.

CHUMVI HAINA HURUMA

Wiki ya kwanza nilimpelekea fundi wangu, mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, ili aione na kuisifu. Hakuifungua boneti. Alilala chini mchangani, akaingia uvunguni, akakaa humo kitambo kirefu. Alipotoka alisema, "Bwana, motokaa ya bara huzeeka kuanzia injini. Ya kwetu huzeeka kuanzia chini. Wewe utatazama rangi, na kutu itakuwa inakula mifupa."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi hupenda unyevu. Upepo wa kusi unapovuma, kioo cha mbele hupata utando ambao ukiupangusa kwa kidole na kuonja utadhani umeonja kachumbari. Utando huo huo uko kwenye chesisi, kwenye mabomba ya breki na kwenye kila nati ya springi. Ukichanganyika na tope lililoganda pembeni, hapo ndipo kutu hufanya harusi yake. Dawa si ghali: ni kuosha uvungu kwa maji matamu na kuacha ukauke vizuri. Lakini nani huosha mahali pasipoonekana na wageni? Mimi niliosha milango nikaing'arisha, nikaendelea na safari zangu.

GARI LA NYUMBA NI GARI LA MTAA

Mtu anayenunua motokaa kubwa katika vijiji vyetu asidhani ameinunulia mkewe na wanawe tu. Yangu imebeba maharusi, na imebeba wazee waliokwenda kuposa. Imebeba nazi, korosho, mabati, na samaki ambao barafu yao iliyeyuka na kuacha zulia likinuka mwezi mzima. Iliwahi kubeba ngoma za sengenya juu ya keria, na wapigaji wake tisa ndani, tukapanda mlima wa kutoka Kombani kwenda Kwale huku wakiimba njia nzima. Imebeba pia maiti, tukienda polepole, bila mtu kusema neno.

Hakuna aliyeniuliza kama motokaa iko salama. Waliiona ni kubwa, wakaamini. Nami nilipenda kuaminiwa, ila sikufikiri kwamba imani ile nayo ni mzigo, tena mzito kuliko ngoma na mabati.

USIKU WA GAZI

Mwaka 2011, yapata saa nane za usiku, jirani yangu aligonga dirisha. "Jirani, nisaidie. Mama ameshikwa na uchungu." Nilivaa shati nikatoka. Tulimlaza mkewe kiti cha kati, mama mkwe akampakata kichwa, tukashika njia ya Msambweni hospitalini.

Kwa miezi mingi rejeta ilikuwa ikipungua maji kidogo kidogo. Kila ilipopungua nilijaza maji ya kisima cha nyumbani, na msomaji wa Diani anajua kwamba visima vyetu vingi vilivyo karibu na pwani vina chumvichumvi. Fundi alikwisha kunionya. Nilimjibu kwamba maji ni maji.

Tulipopita Mwabungo mshale wa joto ulianza kupanda. Nilijifanya sikuuona, kwani mama yule alikuwa akilia na mimi nilikuwa nikiomba Mungu tufike. Kabla ya Gazi mvuke ulitoka chini ya boneti, injini ikagonga mara mbili tatu, ikanyamaza. Tulibaki gizani, mikoko upande mmoja na minazi upande wa pili, na sauti ya yule mama ikawa ndiyo sauti pekee barabarani.

Tulisimama pale kwa muda wa dakika arobaini. Kisha ikaja pikapu ya wachuuzi wa samaki. Waliteremsha makreti yao kando ya njia bila kuuliza malipo, wakamchukua. Mtoto wa kiume alizaliwa salama alfajiri ile, Alhamdulillahi. Jirani yangu hakunilaumu hata siku moja. Alinishukuru kwa kuamka! Shukrani ile ilinichoma kuliko matusi.

Fundi alipofungua rejeta, yaliyotoka hayakuwa maji. Yalikuwa mekundu kama chai ya mkandaa, na ndani ya vijia vyake chumvi na kutu vimeganda kama ukoko wa sufuria. Gasketi ilikuwa imeungua na silinda hedi imepinda. Fedha nilizolipa siku ile zingetosha kununua maji halisi ya rejeta kwa umri wangu wote uliobaki.

DAFTARI

Toka siku hiyo nimeweka daftari la shule ndani ya motokaa, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila kinachofanywa huandikwa: tarehe, kilomita, kazi, bei. Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, maji ya rejeta kila miaka miwili, mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000. Baada ya kila safari ya ufukweni au ya kubeba samaki, uvungu huoshwa siku hiyo hiyo. Ijumaa asubuhi boneti hufunguliwa hata kama hakuna kasoro.

Daftari hilo limenifundisha mambo ambayo sikuyatarajia. Nilidhani injini ndiyo inayokula fedha, kumbe ni matairi na bushi na shokomzoba, kwa sababu ya njia zetu za matumbawe na mchanga. Tena nimegundua kwamba karibu kila kazi kubwa iliyoandikwa humo ilianza kama kazi ndogo, na kwamba kazi ile ndogo niliijua.

Sasa mita inasoma kilomita 412,000. Wanangu wamekua, nao wananishauri. "Baba, uza. Chukua mkopo, nunua nyingine ya miaka ya karibuni." Hoja yao ina nguvu, maana bei yake sokoni sasa ni ya kuchekesha, na tangu barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa hadi Kibundani mwaka 2024, watu wa kwetu hushika njia ya bara bila kungoja feri, na kila mmoja anatamani motokaa ya kwenda mbali.

Nilimwuliza fundi wangu. Amezeeka, siku hizi haingii uvunguni, hukaa kwenye kiti na kumwelekeza mjukuu wake. Alisema, "Mzee, ukinunua nyingine utanunua maradhi ya mtu usiyemjua, tena hayana daftari. Ya hii unayajua yote. Lakini siku chesisi itakapooza, usiibembeleze. Motokaa si ndugu." Kisha akamtuma mjukuu alale chini akagonge chesisi kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulisikiliza sote. Ililia kwa sauti ya chuma kizima.

Basi sijauza. Mtoto wa usiku ule wa Gazi sasa amenipita kimo, na Ijumaa huja kunisaidia kufungua boneti. Hajui kwa nini nampa yeye kazi ya kutazama maji ya rejeta. Nitamweleza siku moja. Kwa sasa inatosha kwamba anatazama kwa makini, na akimaliza huandika mwenyewe katika daftari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba aghalabu ukuta huo humwangukia mtu mwingine, si wewe uliyeuona ufa.