Dawa ya Presha Isikatike

Mgonjwa wa presha hunywa dawa kila siku, hata akijisikia mzima. Fedha ikipungua, wengi huruka siku au hukata kidonge nusu, na hatari ya kiharusi huongezeka. Tunazishauri kamati za parokia mambo matatu. Kwanza, mgonjwa amwombe daktari aandike jina halisi la dawa, mfano amlodipini, si jina la kibiashara. Mara nyingi bei hushuka. Pili, zahanati zetu zinunue kwa pamoja, kama makanisa ya Kenya yalivyoanzisha MEDS mwaka 1986. Tatu, mchango wa wafadhili uwe mtaji wa mfuko wa dawa: mauzo yanunue dawa nyingine, na hesabu zisomwe mbele ya waumini. Asiye na uwezo kabisa, jumuiya yake imlipie bila kumtangaza.