Je, Wajua? Msumeno wa Chuma wenye Mwendo wa Kinyonga

Ukienda nao sokoni, utauacha nyuma
Msumeno wa mkanda ni utepe wa chuma wenye meno, ulioungwa ncha kwa ncha, unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Ule mdogo wa karakana hukata chuma kwa mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika. Wewe kwa miguu, bila haraka, unamaliza mita 80! Wa mbao ndio mkimbiaji: huuzidi wa chuma mara thelathini na ushei. Kwa hiyo aliyeokota msumeno chakavu wa mbao ili akate chuma asidhani kubadilisha utepe kunatosha. Asipopunguza mwendo, meno yataungua mara moja.

Pasi ya nguo inakula umeme kuliko msumeno huu
Mota ya nusu ya nguvu ya farasi, yaani wati 370 hivi, inauendesha bila taabu, ilhali pasi ya umeme hula wati 1,000 au zaidi. Kwa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, ambako mara nyingi jenereta ndiyo inayoamua kazi ianze saa ngapi, hesabu hiyo si ndogo. Tena hausukumwi: mkono wake hushuka kwa uzito wake wenyewe, springi ikiushikilia usibwage utepe kwa kishindo.

Ulingoja miaka 38 kwa sababu ya kiungo kimoja
Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwaka 1808, lakini tepe zilikuwa zikikatika pale pale zilipoungwa. Mfaransa Anne Paulin Crepin ndiye aliyeleta njia ya kuunga ncha zikashika, mwaka 1846. Hadi leo utepe ukikatika, kiungo ndicho cha kwanza kutazamwa. Ncha mbili huchongwa mshazari, zikalazwa moja juu ya nyingine kama viganja vilivyokutana, kisha zikashikishwa kwa lehemu ya fedha. Pitisha kidole: ukihisi kijingazi, rudia, maana hapo ndipo utepe utakapogonga na kukatika tena.

Meno yake yana udongo wa Kongo
Tepe nyingi nzuri zina mgongo laini unaopindika na meno magumu ya chuma kiitwacho M42, ambacho asilimia 8 yake ni kobalti. Kobalti ndiyo inayofanya jino libaki gumu hata likipata moto, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Kongo hii hii, kule Katanga. Maniema nayo haikukosa fungu: ndani ya giaboksi mara nyingi mna gia ya shaba nyeusi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, na bati ndilo lililoupa umaarufu mji wake wa Kalima. Mimi hilo hunifurahisha kila nikiliwaza.

Meno matatu, si pungufu
Kila wakati, meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma. Cha unene wa milimita 6, tumia utepe wa meno 14 kwa inchi. Chembamba kuliko hapo, meno yawe madogo zaidi, la sivyo yatang'oka.

Ndimu hushinda patasi
Asidi ya ndimu huyeyusha kutu. Loweka nati na boliti zilizoganda za msumeno chakavu usiku kucha, asubuhi brashi tu. Zisuuze, zikaushe na uzipake mafuta papo hapo, kwa kuwa chuma kilichovuliwa kutu huanza kushika nyingine siku ile ile.

Meli ilizama mara mbili, injini zikapona
Ukitoka Kabambare kwenda mashariki utafika Ziwa Tanganyika, iliko meli ya Liemba. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, wakaileta vipande vipande. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mainjinia wake wakazipaka injini grisi nene. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, injini zile zile za mvuke zikiisukuma. Basi ukifungua giaboksi ya msumeno wa zamani ukakuta grisi nyeusi iliyoganda kama lami, usisonye. Ilainishe kwa mafuta ya taa, ikwangue taratibu kwa kijiti cha mti, safu kwa safu, mpaka jino la kwanza la gia litokeze likimetameta.