Mashine Isiyojua Foleni

Ingia kwenye sifa za printa katika kompyuta yenye Windows na utakuta mahali pa kuiruhusu itumiwe na kompyuta za wenzako. Jambo hilo si geni. Tangu Windows for Workgroups ilipotoka mwaka 1992, ofisi ndogo zimekuwa zikinunua printa moja na kuitumia kwenye meza zote. Sasa tafuta mahali kama hapo kwa skana iliyochomekwa kwa waya wa USB. Utapekua kila ukurasa wa mipangilio na hutapaona. Cha ajabu zaidi, mara nyingi printa na skana hizo zimo kwenye sanduku moja na zinatumia waya ule ule. Nusu ya chini ya mashine inahudumia ofisi nzima, nusu ya juu inamtambua mtu mmoja tu.

Wengi hudhani huo ni ubahili wa watengenezaji, wanaotaka ununue mashine ya bei ya juu zaidi. Ubahili upo, lakini sababu kubwa iko kwenye kazi yenyewe. Printa hupokea. Ukiipelekea kurasa ishirini, kompyuta inazipanga kwenye foleni na wewe unaendelea na mambo yako. Printa ikiwa na kazi nyingine au karatasi zikiisha, foleni inasubiri. Skana, kinyume chake, huulizwa. Kioo chako kina ukubwa gani? Unaweza kusoma nukta ngapi kwa inchi? Kuna karatasi kwenye trei ya juu? Baada ya hapo mtu anaomba picha ya majaribio, anaitazama, anapunguza pembe, anaondoa rangi, ndipo kuskani kwenyewe kuanze. Muda wote huo mashine ni ya mtu huyo peke yake. Skana ni kinyozi: huwezi kumpelekea kichwa ukabaki nyumbani.

Wenye maduka ya steshenari wanaijua shida hii vizuri. Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu (HESLB) ukifika Tanzania, vijana wanajazana na vyeti vyao vya kuzaliwa, skana ni moja, imechomekwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine zinangoja faili liletwe kwa flashi. Virusi navyo hupanda flashi hiyo hiyo bila nauli.

Inafaa kuangalia kinachotokea chini ya kioo, kwa sababu ndicho kinachoulemea mtandao. Katika skana nyingi nyembamba za siku hizi kuna upau mmoja wenye upana wa karatasi. Ndani yake taa nyekundu, kijani na bluu zinawaka kwa zamu, haraka kuliko jicho linavyoweza kutofautisha, na safu ya lenzi ndogo ndogo inapeleka mwanga uliorudi kutoka kwenye karatasi hadi kwenye safu ya vihisi. Upau unasoma mstari mmoja, unasogea kidogo, unasoma mwingine. Kwa nukta 300 kwa inchi, karatasi ya A4 inakuwa na nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani karibu milioni 8.7. Kila nukta ya rangi inachukua baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja ni megabaiti 26 kabla haujakandamizwa. Panda hadi nukta 600 na ukurasa ule ule unafika megabaiti 104. Shuka hadi nyeusi na nyeupe tupu, kwa nukta 300, nao unabaki na megabaiti moja na ushee. Mtandao wa zamani wa megabiti 10 kwa sekunde ungehitaji sekunde 21 kuusafirisha ule ukurasa wa rangi wa nukta 300, tena kama hakuna mwingine anayeutumia. Wa megabiti 100 unahitaji mbili tu. Anayelalamika kwamba skana ya pamoja ni nzito aanze kuangalia kama hajaweka nukta 600 na rangi kwa ajili ya risiti ya umeme.

Skana za aina ya pili ni zile nene, zenye vioo vya kuakisi na lenzi inayoushusha upana wote wa ukurasa hadi kwenye kipande kidogo cha CCD, kihisi kilichobuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs na kuwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Hizi huona kwa kina. Kitabu kinene ambacho katikati yake hakilali vizuri kwenye kioo bado kitasomeka, wakati zile nyembamba hupoteza maandishi milimita chache tu juu ya kioo. Ofisi inayoskani vitabu vya kumbukumbu na madaftari ya zamani itafute aina hii, hata kama inakula nafasi mezani.

Na babu wa zote? Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, katika taasisi ya serikali ya Marekani iliyoitwa National Bureau of Standards, waliifunga picha kwenye pipa linalozunguka na kuisoma nukta kwa nukta kwa kompyuta iliyoitwa SEAC. Picha ilikuwa ya mwanawe, Walden, mwenye umri wa miezi mitatu. Ilikuwa na nukta 176 kwa 176. Kompyuta ilikuwa moja na skana moja, kwa hiyo swali la kuchangia halikuwepo.

Lilikuja baadaye, na jibu zuri la kwanza lilitoka kwa watu wa Linux katika miaka ya 1990, kwa mfumo unaoitwa SANE. Ili kuuelewa uzuri wake, angalia kwanza TWAIN, kanuni ya kuunganisha programu na skana iliyotolewa mwaka 1992 na kundi la kampuni, zikiwemo Aldus, Caere, Eastman Kodak, Hewlett-Packard na Logitech. TWAIN ilimwacha kila mtengenezaji aje na dirisha lake, lenye vitufe vyake na picha yake ya majaribio. Dirisha na mashine vikagandana. Ukitaka dirisha lifunguke mezani kwako na mashine ibaki chumba cha pili, hakuna mahali pa kuvitenganishia.

SANE ilivitenganisha tangu mwanzo. Upande mmoja kuna programu inayoijua mashine, upande wa pili kuna programu inayoongea na mtu. Ile ya kwanza haina dirisha lolote. Inatoa tu orodha ya mambo yanayoweza kubadilishwa, na ya pili inaichora orodha hiyo ipendavyo, kwa vitufe au kwa maandishi matupu. Pengo kati yao likishakuwepo, kupitisha waya wa mtandao katikati yake si kazi kubwa. Kompyuta yenye skana inaendesha programu ndogo iitwayo saned, inayosikiliza kwenye mlango namba 6566. Faili fupi la maandishi linataja kompyuta zinazoruhusiwa kubisha hodi. Kwenye kompyuta nyingine unaandika anwani ya ile yenye skana, basi. Programu ya kuskani inaiona skana kana kwamba imechomekwa hapo hapo.

Kuna mtego mmoja ambao umewachosha mafundi wengi. Skana inaonekana kwenye orodha, mipangilio inafunguka, lakini ukibonyeza kuskani, kimya. Sababu ni kwamba mazungumzo hupita kwenye mlango 6566, ila picha yenyewe husafiri kupitia mlango mwingine unaochaguliwa papo hapo, na ukuta wa moto wa kompyuta unaufunga. Dawa yake ni kuitajia saned milango michache ya kuchagua, kisha kuifungua hiyo tu. Ikumbukwe pia kwamba saned haifichi inachosafirisha. Iwekwe ndani ya mtandao wa ofisi, isifunguliwe kwa intaneti.

Mimi naipenda njia hii kuliko nyingine zote, hasa kwa sababu inaokoa vifaa. Skana nyingi zilizotelekezwa na watengenezaji wake, zisizopata tena draiva kwa Windows mpya, bado zinafanya kazi chini ya SANE kwenye kompyuta kuukuu ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Lakini inahitaji mtu wa kuihudumia, na ofisi nyingi ndogo hazina mtu huyo.

Ofisi hizo zimeelekea upande mwingine: badala ya kompyuta kuivuta picha, mashine ya fotokopi yenye skana inaisukuma yenyewe. Unafika na karatasi yako, unachagua jina lako kwenye skrini ya mashine, na faili linatua kwenye folda yako. Ni njia nzuri, kwa sababu inaheshimu ukweli kwamba mtu ameshafika kwenye mashine. Tatizo ni kwamba mashine ya fotokopi huishi miaka mingi kuliko kanuni za usalama zinazoizunguka. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia udhaifu katika SMB ya kwanza, lugha ya zamani ambayo Windows hutumia kufungua folda za pamoja. Oktoba mwaka huo, toleo jipya la Windows 10 likaanza kusakinishwa bila lugha hiyo kuwashwa kwenye kompyuta nyingi. Mashine zilizojua SMB ya kwanza tu zikagoma kupeleka faili kwenye kompyuta mpya, na wenye ofisi wakaapa kwamba hawakugusa kitu. Wanaoskani kwenda barua pepe nao walikutana na lao Mei 2022, Google ilipoacha kukubali nywila ya kawaida ya Gmail kutoka kwenye vifaa vya namna hiyo. Tangu hapo mashine inahitaji nywila yake maalumu.

Njia ya karibuni ni kuigeuza skana kuwa tovuti ndogo. Kanuni yake inaitwa eSCL. Mashine inajitangaza kwenye mtandao. Kompyuta au simu inasoma uwezo wake, inatuma ombi la kuskani, kisha inachukua kurasa moja baada ya nyingine, kwa lugha ile ile ya HTTP ambayo kivinjari hutumia kufungua magazeti. Draiva haihitajiki. Debian 11, toleo la Linux lililotoka mwaka 2021, ilikuja na uwezo huo tayari. Anayenunua mashine mpya leo aangalie kama inajua eSCL na kama ina tundu lake la mtandao au Wi-Fi. Akikosa hayo, bei rahisi itamrudisha kwenye flashi. Hata hivyo, ukiiomba skana hiyo wakati inamhudumia mwingine, itakujibu kwamba ina shughuli na ujaribu baadaye. Foleni bado hawajaipa.

Mashine ya pamoja huleta jambo jingine: hakuna anayeutazama ukurasa. Faili linakwenda kwenye folda, karatasi inakwenda kuchanwa. Julai 2013 David Kriesel, mwanasayansi wa kompyuta wa Ujerumani, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Kwenye ramani ya nyumba, vyumba vitatu vyenye meta za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote na 14.13. Halikuwa kosa la kusoma herufi. Lilikuwa kosa la kukandamiza picha. Mfumo wa JBIG2 hutafuta vipande vinavyofanana ndani ya ukurasa, huhifadhi kimoja, na kukibandika kila mahali penye mwenzake. Pale ambapo 6 hafifu ilifanana vya kutosha na 8, mashine ilibandika 8, safi na kali kama iliyochapwa hivyo tangu awali. Xerox ilitoa programu ya kurekebisha, ambayo ililazimika kuwekwa kwenye mashine zilizokwisha kuuzwa. Nyaraka zilizokwisha kuskaniwa hazikuwa na rekebisho: ukurasa wenye ukungu ungemshtua mtu, lakini tarakimu iliyobandikwa haina alama yoyote ya kuitofautisha na jirani yake.