Kipa wa Kihesa na ganda la risasi shingoni

"Toa hiyo."

Mwamuzi alikuwa amenyoosha kidole shingoni mwa kipa, na kipa alikuwa anajifanya anakaza kamba za njumu. Jumapili jioni, mechi ya ndondo, uwanja wa vumbi Kihesa hapa Iringa, na baridi ile inayomfanya mgeni wa Dar arudi ndani ya basi kutafuta koti. Dogo alikuwa amevaa kamba nyeusi, na kwenye kamba linaning'inia ganda la risasi ya bastola, fupi kuliko kidole cha mwisho, limesuguliwa hadi linang'aa kama dhahabu.

Sheria ya 4 ya soka haina mjadala hapo. Mkufu, pete, hereni, hirizi, vyote nje. Lakini dogo naye alikuwa na hoja yake: tangu alivae amepangua penalti tatu. Mashabiki nyuma ya goli wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti kwamba leo kamati ya ufundi imekamatwa mapema. Mwishowe ganda likavuliwa, likapita mkono hadi mkono, likaishia kwa mzee mmoja aliyekuwa amekalia tofali.

Mzee huyo tunamfahamu wote. Mwanajeshi mstaafu, enzi zake alikuwa kwenye timu ya shabaha ya kikosi chake, na baada ya kustaafu alifanya kazi miaka kadhaa na wawindaji wa kitalii upande wa Ruaha. Akavaa miwani, akaligeuza ganda kitako juu, akatikisa kichwa.

"Wenzako huko duniani kitu hiki hawakivai," akamwambia kipa. "Wanakifanyia usajili. Njoo mapumziko, mwanangu, nikuonyeshe."

Kipindi cha kwanza kikaisha 0-0. Mapumziko yakageuka darasa.

Risasi nzima, mzee alieleza, ina vitu vinne. Kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Kuna baruti. Kuna fataki, kile kidonge cha duara katikati ya kitako kinachopigwa na pini ya bastola ili kuwasha baruti. Na kuna ganda, linaloshika hivyo vitatu pamoja. Ukifyatua, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda peke yake linabaki zima, na kwa mlenga shabaha anayefyatua mamia ya risasi kwa wiki mazoezini, ndilo kitu chenye gharama kilichobaki. Kwa hiyo katika nchi ambako sheria inaruhusu, kama Marekani na Afrika Kusini, jamaa wanaokota maganda yao uwanjani kama watoto wanaookota mipira, wanakwenda nayo nyumbani, wanayajaza upya.

Hapo kijana mmoja akadakia. Yule Mturuki je, aliyepiga na mkono mfukoni?

Swali zuri, maana picha ile ya Yusuf Dikeç kwenye Olimpiki ya Paris 2024 ilizunguka kila kibanda umiza cha mji huu, hata kwa watu ambao hawajawahi kuangalia shabaha hata dakika moja. Lakini Dikeç na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walichukua fedha yao kwa bastola ya upepo, mita 10. Haina baruti, haina ganda. Na ile ya mita 25 inatumia risasi ndogo ya .22, ambayo kiwashio chake kimefichwa ndani ya ukingo wa kitako. Ikishapigwa imekwisha, huwezi kuiwekea kingine. Kujaza upya ni habari ya bastola kubwa: milimita 9, .38, .45. Hao ndio wenye benchi la ufundi mezani kwao.

Sasa, si kila ganda linaitwa kikosini. Cha kwanza ni madini. Ganda linalotakiwa ni la brasi, ile shaba ya njano, ambayo kwa kawaida ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Brasi ina tabia moja ya ajabu: moto ukiwaka inatanuka na kuziba chemba ili gesi isirudi nyuma usoni kwa mpigaji, halafu papo hapo inanywea kidogo na kutoka. Chuma hakinywei vizuri hivyo, na alumini inachoka haraka. Mzee alisema sumaku inatosha kukupunguzia kazi: kinachonata, weka pembeni.

Pili, unachungulia ndani kwa tochi. Ukiona kitundu kimoja katikati, umepata. Ukiona viwili vidogo pembeni, achana nalo, maana fataki ya aina hiyo haitoki kirahisi. Mfumo wa kitundu kimoja una jina la Mwingereza, Boxer, na ndio unaopendwa Marekani. Wa vitundu viwili una jina la Mmarekani, Berdan, na ndio uliosambaa Ulaya. Wachezaji walibadilishana klabu, alisema mzee, na mimi nilicheka kuliko wote.

Tatu ni historia yake, na hapa ndipo mashabiki walipomwelewa zaidi. Ganda lililopigwa mara moja tu, na unajua nani alilipiga, ni kama kijana wa msimu mmoja mwenye rekodi safi. Ganda la kuokota ovyo ni yule mchezaji anayesema ana miaka 19 na mtoto wake yuko sekondari. Kila likijazwa, mdomo unafinywa na kutanuliwa, na brasi inayofinywa mara kwa mara inakuwa ngumu, mwisho inapasuka. Kwa hiyo unakagua ufa mdomoni, unapitisha kidole kutafuta uvimbe karibu na kitako, unaangalia kama nyumba ya fataki imelegea. Maandishi ya kitako nayo yanasomwa, ili maganda ya kiwanda kimoja yakae pamoja, kwa sababu unene wa ndani hautofautiani sana na risasi zinakwenda sawasawa. Ganda lenye dosari halipewi nafasi ya pili. Likipasuka ndani ya bastola, hasara si goli, ni vidole au jicho.

Kusafisha ndiko kulikonifurahisha mimi. Moja ya vitu wanavyotumia huko ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa! Wanayaweka kwenye chombo kinachotikisika pamoja na maganda, saa kadhaa, brasi inatoka inang'aa. Iringa hii tunayachoma. Ila dawa yenye amonia hapana. Jeshi la Waingereza kule India lilijifunza kwa uchungu: risasi zilizotunzwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika zilikuwa zinapasuka zenyewe, na mwaka 1921 watafiti wakaeleza kwamba hewa ya mkojo wa farasi ndiyo iliyokuwa inaila brasi.

Kwetu, kujaza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kiwanda cha risasi tunacho kimoja tunachokijua, Mzinga pale Morogoro, cha serikali. Kwa hiyo asije mtu akasema gazeti limemtuma.

Lakini watu wa mkoa huu tunajua maana ya ganda tupu kuliko wengi. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, mashujaa wa Mkwawa waliangusha kikosi cha Zelewski na kuchukua bunduki zipatazo 300 pamoja na risasi zake. Bunduki unaweza kuiteka. Kiwanda cha fataki huwezi kukiteka vitani, na risasi ya Mjerumani ikishalia inabaki brasi ya kutengenezea bangili. Kalenga ilianguka Oktoba 1894.

Mzee akarudisha mada mkononi mwake. Akamwonyesha kipa fataki ya ganda lile: katikati kuna kishimo, alama ya pini. "Hiki kishimo na huu mdomo ulio wazi ndiyo vinavyokuambia limeshalia. Bila hivyo, usiliguse."

Dogo akatabasamu kama mwanafunzi aliyepata jibu. "Basi moja la nyumbani halina, babu. Hilo bado lina kichwa chake, ila limeota kijani, limeshakufa."

Kimya.

"La nyumbani lipi?"

"Nilinunua manne kwa muuza vyuma chakavu. Matatu mengine yapo kwenye kopo, chini ya kitanda. Wadogo zangu wanayachezea."

Mzee alisimama kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa umri wake. Kijani ni kutu ya brasi tu, haisemi chochote kuhusu baruti iliyo ndani. Akampigia simu mjumbe, akamwambia awatoe watoto chumbani na mtu asiguse kopo, kisha akaondoka na kipa, bado ana glovu mikononi. Beki wa kulia akavaa jezi ya kipa. Tulifungwa 2-0, na la pili lilipita katikati ya miguu yake.

Risasi ilikuwa nzima. Polisi walifika, wakauliza maswali mengi kuhusu muuza vyuma chakavu na machache kuhusu mpira, wakaondoka na yote manne, likiwemo lile la bahati. Mdogo wake wa mwisho, wa miaka mitano, alilalamika kwamba wamechukua gari lake.

Jumapili iliyofuata mwamuzi alikuwa yuleyule. Alianza kukagua shingo, ndipo akaenda kwenye njumu.