Mume na Mke Katika Mbio: Kila Mmoja na Mwendo Wake

Maisha ya askari hayana saa maalumu. Leo bwana yuko lindoni usiku kucha, kesho yuko safarini, na kesho kutwa arudipo nyumbani humkuta bibi amekwisha kwenda sokoni, au naye amekwenda zamu, maana wanawake wengi siku hizi huvaa sare kama waume zao. Mume na mke waweza kukaa chini ya paa moja wiki nzima wasizungumze lolote ila habari za chumvi, makaa na karo ya shule. Kwa nyumba za namna hiyo, ukurasa wetu leo unaleta shauri lisilo na gharama kubwa: kimbieni pamoja.

Kukimbia si jambo geni kwa askari. Mchakamchaka wa alfajiri ni sehemu ya kazi yake tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Lakini mchakamchaka wa kambini ni amri, na mbio za mume na mke ni hiari. Hapo ndipo ilipo furaha yake. Wawili watokapo nyumbani mapambazuko hakuna redio, hakuna mgeni, wala hakuna mtoto avutaye nguo ya mama. Neno lililoshindikana kusemwa mezani husemeka njiani, kwa kuwa wasemaji hawatazamani usoni, bali wanaitazama barabara. Na hata wasiposema neno, kila mmoja husikia pumzi ya mwenziwe, akajua kama amechoka au ana nguvu.

Hata hivyo furaha hii ina siri yake, nayo ni kwamba mume na mke hukimbia vema pamoja pale ambapo kila mmoja ameachiwa mwendo wake. Tutazame watu watatu au wanne ambao habari zao zinajulikana duniani.

Ofisa wa jeshi na mkewe

Emil Zátopek alikuwa ofisa katika jeshi la Chekoslovakia na mkimbiaji wa masafa marefu. Mkewe, Dana, alikuwa mrusha mkuki. Wote wawili walizaliwa siku moja, tarehe 19 Septemba 1922, wakaoana mwaka 1948. Tarehe 24 Julai 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Emil alishinda mbio za mita 5,000. Muda si muda Dana akarusha mkuki wake mita 50.47, naye akapata dhahabu. Medali mbili za dhahabu ziliingia katika nyumba moja siku moja. Emil, aliyekuwa amekwisha kushinda mita 10,000, aliingia siku tatu baadaye katika marathoni ya kwanza maishani mwake, akashinda hiyo nayo.

Emil aliwaambia waandishi wa habari kwamba ushindi wake ndio uliomtia mkewe moyo. Dana hakuliacha neno hilo lipite. Alijibu kwa mzaha kwamba basi na aende akamtie moyo msichana mwingine, aone kama naye atarusha mkuki mita hamsini! Watu walicheka, lakini Dana alikuwa amesema kweli. Mapenzi ya mume ni msaada mkubwa, lakini mkono uliorusha mkuki ulikuwa wa mke.

Husimuliwa pia kwamba Emil alikuwa akizitia nguo chafu katika hodhi la kuogea, akamwaga maji na sabuni, kisha akakimbia juu yake pale pale mpaka zikatakata. Alipata mazoezi, na mkewe akapata nguo safi. Mabwana wanaosoma ukurasa huu wamesikia.

Ndoa hiyo ilijaribiwa vikali. Baada ya majeshi ya kigeni kuingia Chekoslovakia mwaka 1968, Emil aliyapinga hadharani. Aliondolewa jeshini, akapelekwa kufanya kazi ngumu mbali na nyumbani kwa miaka kadhaa. Dana hakumwacha. Waliishi pamoja mpaka Emil alipofariki mwaka 2000. Dana alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 97.

Mtoto akizaliwa

Wengi husema kwamba mbio za mke hukoma siku anapojifungua. Bibi Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, aliyeanzia mbio zake katika timu ya polisi wa magereza, ameonyesha kwamba sivyo. Mwaka 2008 mjini Beijing alishinda mita 5,000 na mita 10,000. Katika michezo hiyo hiyo Sileshi Sihine alipata medali ya fedha ya mita 10,000 kwa wanaume. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wawili hao walifunga ndoa mjini Addis Ababa. Bibi Tirunesh alishinda tena mita 10,000 mjini London mwaka 2012, akazaa mtoto wa kiume mwaka 2015, na mwaka uliofuata akapata shaba mjini Rio de Janeiro. Siku hiyo alitumia dakika 29 na sekunde 42.56, haraka kuliko alivyopata kukimbia masafa hayo kabla ya kuwa mama.

Jirani zetu wa Kenya wanaye Bibi Edna Kiplagat, askari polisi. Mumewe, Gilbert Koech, ambaye naye alikuwa mkimbiaji wa marathoni, ndiye mwalimu wake wa mbio. Bibi Edna, akiwa tayari mama wa watoto, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Daegu mwaka 2011, ingawa alianguka njiani penye meza ya maji. Akashinda tena Moscow mwaka 2013, na mwaka 2017 akashinda Boston akiwa na umri wa miaka 37. Mambo hayo hayawezekani katika nyumba ambamo kazi zote za jikoni na malezi zimewekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Tahadhari isiyopaswa kufichwa

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji kama tungetaja furaha peke yake. Mwezi Oktoba 2021 mkimbiaji hodari Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, Kenya, na mumewe akashtakiwa. Mwezi Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, askari wa jeshi la Uganda aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi uliotangulia, alifariki mjini Eldoret baada ya mtu aliyepata kuishi naye kummwagia petroli na kumtia moto. Habari zilitaja ugomvi juu ya kiwanja.

Miguu ya mke ikileta mali, baadhi ya wanaume hudhani kwamba wameoa shamba la kuvuna. Basi mambo ya fedha yazungumzwe mapema, kabla ya zawadi kupatikana. Fedha ya ushindi iwekwe benki kwa jina la aliyeshinda, na hati ya kiwanja iandikwe jina la aliyekinunua, isipokuwa kama wote wawili wamekubali kwa hiari kuandikwa pamoja. Mume akiwa mwalimu wa mkewe, ualimu wake uishie uwanjani. Na ninyi askari polisi, mwanamke ajapo kituoni kueleza kwamba ametishwa, msimrudishe kwa kusema hayo ni mambo ya nyumbani. Andikeni maelezo yake, na mchukue hatua siku hiyo hiyo.

Namna ya kuanza

Kwanza, aliye na mwendo wa polepole ndiye apange mwendo. Mkiweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta, mnakimbia sawasawa. Siku tatu kwa wiki zatosha, dakika ishirini kila mara, mkichanganya kutembea na kukimbia mpaka mwili uzoee.

Pili, wale wanaopitana sana kwa kasi watumie njia ya kugeuka. Nendeni kila mmoja kwa mwendo wake kwa dakika kumi na tano, kisha wote wawili mgeuke pale mlipofika. Kila mmoja akirudi kwa mwendo ule ule aliokwenda nao, mtafika mlangoni wakati mmoja, ijapokuwa mmoja amekwenda mbali zaidi. Hakuna aliyemngoja mwenziwe, wala hakuna aliyeachwa.

Tatu, mama aliyejifungua asiharakishe. Aanze kwa kutembea, na kwa kawaida asikimbie kabla ya miezi mitatu kupita, tena baada ya kumwuliza mkunga au daktari. Aliyepasuliwa huenda akahitaji muda mrefu zaidi. Akinyonyesha, amnyonyeshe mtoto kwanza ndipo atoke, naye anywe maji ya kutosha. Siku hizo bwana ndiye abaki na mtoto, na siku yake ikifika, bibi abaki. Zamu wanaijua vizuri wote wawili.

Nne, aliyetoka lindo la usiku alale kwanza. Mtu mwenye usingizi hujikwaa, tena hukasirika upesi. Mkikimbia kabla ya mapambazuko, vaeni nguo nyeupe na mfuate upande wa barabara unaowawezesha kuyaona magari yakija mbele yenu.

Siku ya mashindano

Baada ya miezi mitatu au minne, jiandikisheni katika mashindano. Mbio kubwa za barabarani za Kampala, kwa mfano, ambazo kwa kawaida hufanyika mwezi Novemba, huwa na masafa marefu na mafupi, hata mume aweza kuchagua kilomita 21 na mke kilomita 10, au kinyume chake. Pataneni kabla ya siku yenyewe kama mtakwenda bega kwa bega au kila mtu peke yake, mtakutana wapi, na nani achukue ufunguo wa nyumba. Ugomvi mwingi wa siku ya mbio huzaliwa na mambo madogo kama hayo.

Mkikubaliana kwamba kila mtu na mwendo wake, mke akipita mbele asirudi nyuma kwa haya, na mume asikaze mwendo kwa ajili ya kuogopa maneno ya wenzake wa kikosini. Anayemaliza kwanza anywe maji, kisha arudi kando ya barabara, mita mia chache kabla ya mwisho, amngoje mwenziwe. Hakuna makofi yatakayomfikia mtu aliyechoka kama jina lake likiitwa na sauti anayoijua. Mnaweza kuishi miaka kumi katika ndoa msiwahi kumwona mwenzenu akilitenda jambo gumu hadharani kwa nguvu zake mwenyewe. Siku hiyo mtaona, nanyi mtarudi nyumbani mkiwa na heshima mpya.

Medali si lazima. Watu wengi waliokimbia tangu ujana hawakupata hata moja. Lakini mume na mke waliozoea kutoka pamoja alfajiri wamejipatia nusu saa isiyoingiliwa na mtu, mapafu yenye afya na mazungumzo yasiyokatika. Basi jioni ya leo itazameni ratiba ya zamu zenu, mtafute asubuhi moja ambayo wote wawili mna nafasi, na viatu viwekwe tayari karibu na mlango.