Marubani wa Tainan Hawakuruka Ili Wafe

Nikitaja Kikosi cha Anga cha Tainan, iwe darasani, redioni au kwa msomaji aliyenipigia simu, swali huwa ni lilelile: "Hao si ndio Wajapani waliokuwa wakijitupa na ndege zao juu ya meli?" Hapana, sio hao. Nimeshajibu hivyo mara nyingi kwa kifupi na swali halikomi, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu.

Imani yenyewe inasema kwamba marubani wa jeshi la majini la Japani waliiteka anga ya Pasifiki mwaka 1942 kwa sababu hawakuogopa kufa. Ndege yao, Zero, haikuwa na mabamba ya chuma ya kumkinga rubani, matangi yake ya mafuta yalishika moto kirahisi, na wengi waliruka bila mwavuli mgongoni. Basi, husemwa, walikuwa wameshayatoa maisha yao, wakingoja tu pa kuyamalizia. Hoja hii huvutia kwa sababu kila kipande chake kina ukweli kidogo. Jumla yake ni uongo.

Tuanze na mafuta. Kikosi kiliundwa tarehe 1 Oktoba 1941 mjini Tainan, Taiwan, iliyokuwa koloni la Japani, kikiandaliwa kusindikiza ndege za mabomu hadi viwanja vya Wamarekani kisiwani Luzon, Ufilipino. Kutoka Tainan hadi kiwanja cha Clark ni zaidi ya kilomita 800. Wakuu walidhani Zero isingeweza kwenda, kupigana na kurudi, hivyo wakafikiria kuzisogeza karibu kwa manowari ndogo za kubeba ndege. Marubani wakaingia mazoezini: kupunguza mizunguko ya injini, kupunguza petroli katika mchanganyiko na hewa mpaka injini ikaribie kuzimika, kuruka pole na kwa mpangilio, siku baada ya siku. Walipofaulu, mpango wa manowari ukaachwa. Tarehe 8 Desemba 1941 waliondoka Taiwan wakiwa wamechelewa kwa saa kadhaa kwa sababu ya ukungu, wakafika Clark mchana na kuzikuta ndege nyingi za Marekani zimeegeshwa chini. Kisha wakarudi nyumbani. Anayekusudia kufa Clark ana haja gani ya kuhesabu petroli ya kumrudisha Taiwan?

Ukosefu wa mabamba ya kinga nao una maelezo ya kiufundi. Jeshi la majini lilimtaka mhandisi Jiro Horikoshi wa Mitsubishi aunde ndege inayokwenda mbali sana, inayopanda haraka, inayogeuka kuliko nyingine zote, na inayobeba mizinga miwili ya milimita 20 pamoja na bunduki mbili za rashasha. Injini aliyokuwa nayo haikufikisha nguvu farasi 1,000. Kila kilo iliyozidi ilipunguza mwendo au masafa, na marubani wenyewe ndio waliosisitiza wepesi wa kugeuka. Walichagua kinga ya kutopigwa badala ya kinga ya kustahimili kupigwa. Uamuzi huo uliwagharimu sana adui alipojifunza kushambulia kutoka juu na kupita bila kugeukiana nao. Lakini ulikuwa uamuzi wa uhandisi, na anayeuita kiapo cha kifo hajasoma masharti aliyopewa Horikoshi.

Kuhusu mwavuli: walipewa. Wengi waliukalia kama mto bila kufunga mikanda yake, kwa sababu ilibana mwili ndani ya chumba chembamba ambamo rubani alilazimika kutazama nyuma kila mara. Ni kweli pia, na silifichi hili, kwamba kutekwa kulihesabiwa aibu kubwa katika majeshi ya Japani, na rubani ambaye ndege yake iliharibika juu ya ardhi ya adui mara nyingine aliielekeza kwenye shabaha. Ila kukataa kutekwa wakati huna tena njia ya kurudi si sawa na kutumwa asubuhi kwa amri ya kutorudi. Anayechanganya mambo haya mawili anawakosea wote, waliorudi na waliotumwa wasirudi.

Hata Pearl Harbor, ambayo watu huitupa ndani ya chungu hikihiki, ilikuwa safari ya kwenda na kurudi. Ndege zipatazo 350 zilishambulia na Wajapani walipoteza 29. Manowari tano kati ya sita zilizobeba ndege hizo ndizo zilizovuka baadaye hadi Bahari ya Hindi, zikapiga Colombo tarehe 5 Aprili 1942, na Uingereza ikahamishia kituo cha meli zake za mashariki Kilindini, Mombasa. Marubani wa shambulio la Colombo nao walitua tena kwenye manowari zao.

Sasa twende Rabaul. Mwezi huohuo wa Aprili, Tainan ilikuwa imehamia kisiwani New Britain, na kiwanja cha mbele kilikuwa Lae, New Guinea. Kutoka Lae walivuka milima ya Owen Stanley kwenda kupigana juu ya Port Moresby, wakirudi kulala kwenye joto, malaria na mabomu ya usiku. Hapo ndipo yalipotokea majina yanayotajwa mpaka leo: Saburo Sakai, Hiroyoshi Nishizawa, Toshio Ota, na ofisa wao kijana Junichi Sasai.

Tarehe 7 Agosti 1942 Wamarekani walitua Guadalcanal. Siku hiyohiyo Zero za Tainan zilisindikiza ndege 27 za mabomu hadi huko, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kila upande. Sakai alizikaribia kwa nyuma ndege alizodhani ni za kivita za kiti kimoja. Zilikuwa ndege za mabomu zenye wapiga rashasha wanaotazama nyuma. Risasi zilimjeruhi kichwani, jicho la kulia likapoteza nuru, mkono na mguu wa kushoto ukafa ganzi. Kama angekuwa mtu wa kutafuta kifo, chini yake bahari ilijaa meli za Marekani. Badala yake aliruka kwa takriban saa tano, akizimia na kuzinduka, akibana mafuta kama alivyofunzwa, mpaka akatua Rabaul. Aliishi hadi mwaka 2000.

Kilichokiua kikosi ni umbali huo, na hapa ndipo ningependa wasomaji waelekeze udadisi wao. Safari ya kwenda na kurudi Guadalcanal ilichukua saa nane hivi ndani ya kiti kimoja. Muda wa kupigana ulikuwa dakika chache, na kila aliyekawia alihatarisha petroli ya kurudia. Walinzi wa pwani wa Australia waliojificha Bougainville, kina Paul Mason na Jack Read, waliziona ndege zikipita na kutoa taarifa kwa redio, hivyo Wamarekani walipata muda wa kupanda juu na kuzingoja. Rubani wa Marekani aliyedunguliwa karibu na Guadalcanal angeweza kurudi kazini. Wa Tainan aliyepigwa hapo alikuwa na bahari tupu mbele yake. Tena hakukuwa na zamu ya kupumzika. Mjapani alibaki mstari wa mbele mpaka afe, aumie au augue. Sasai aliuawa tarehe 26 Agosti, Ota tarehe 21 Oktoba. Novemba kikosi kikapewa jina jipya, 251, na mabaki yake yakarudishwa Japani. Kilirejea Rabaul mwaka 1943, baadaye kikageuzwa cha ndege za usiku, na Julai 1944 kikavunjwa.

Mashambulizi ya kujitoa mhanga yaliyopangwa na wakuu yalikuja baada ya hapo, kwa sababu marubani wa aina ile walikuwa wamekwisha. Tarehe 19 Oktoba 1944, kule Mabalacat, Ufilipino, Admirali Takijiro Onishi alikitaka Kikosi 201 kitoe watu wa kugonga meli kwa Zero zenye bomu la kilo 250. Vijana waliofunzwa haraka kwa petroli haba hawakuweza tena kupiga shabaha na kurudi. Onishi huyu ndiye aliyekuwa mnadhimu mkuu wa ndege za Taiwan siku ya Clark, na alijua vizuri kilichopotea katikati. Tarehe 25 Oktoba kundi la Luteni Yukio Seki lilishambulia, na manowari ya Marekani St. Lo ikazama. Kiongozi wa wasindikizaji alikuwa Nishizawa wa Tainan, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafikisha na kurudi kutoa taarifa. Alirudi. Kesho yake aliuawa akiwa abiria katika ndege ya usafirishaji.

Kwa anayetaka kujisomea, haya ya haraka. Ukikutana na kisa cha rubani wa Kijapani, angalia tarehe kwanza: kabla ya 25 Oktoba 1944, usimwite wa kujitoa mhanga bila ushahidi wa amri. Angalia namba ya kikosi, maana majina yalibadilishwa Novemba 1942 na jina la Tainan likatumika tena baadaye kwa kikosi kingine. Soma kitabu cha Sakai, Samurai!, kwa tahadhari, anza na Eagles of the Southern Sky cha Luca Ruffato na Michael Claringbould, kinacholinganisha kumbukumbu za pande zote mbili. Na hesabu za ndege zilizodunguliwa zipunguze: tarehe 7 Agosti Tainan ilidai zaidi ya mara mbili ya zile ambazo Wamarekani walizipoteza kweli. Idadi ya 64 aliyobandikwa Sakai haina nyaraka za kuithibitisha. Msiinukuu.