Makoloni 13, Rekodi 9

Mwaka 1775 makoloni 13 ya Uingereza kwenye pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini yalikuwa na watu wapatao milioni 2.5. Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu milioni 5.38: zaidi ya mara mbili! Lakini kundi hilo dogo ndilo lililoweka baadhi ya rekodi kubwa kabisa za kura, bunge na haki. Hizi hapa tisa, tukianzia ya tisa hadi bingwa. Utaona kila mara kwamba ahadi ni kubwa kuliko walioitoa.

9. Bunge kongwe: wajumbe 22

Tarehe 30 Julai 1619, katika kanisa la Jamestown, Virginia, kilifunguliwa kikao cha kwanza cha bunge la kuchaguliwa katika makoloni ya Waingereza Amerika. Vitongoji 11 vilichagua wajumbe wawili wawili, jumla 22: timu mbili za mpira, bila wachezaji wa akiba. Joto la kiangazi likawaelemea, mjumbe mmoja akafariki kikao kikiendelea, na baada ya siku sita wakatawanyika. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa imeshasimama kwa zaidi ya miaka 20. Wiki chache baada ya kikao hicho, mwezi Agosti, meli ikawafikisha Virginia Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola. Bunge na utumwa vilibisha hodi mwaka uleule.

8. Mkataba mfupi kuliko yote: maneno 200 hivi

Novemba 1620 meli ya Mayflower ilitia nanga Cape Cod baada ya siku 66 baharini. Ilikuwa imefika nje ya eneo walilopewa kibali, na baadhi ya abiria wakaanza kusema kwamba huko hakuna mwenye mamlaka juu yao. Dawa ilikuwa mkataba: tuungane kuwa jamii moja, tutunge sheria za haki, tuzitii. Maneno yake yanaenea kwenye kurasa mbili za daftari la shule. Walioutia saini walikuwa wanaume 41, hawajazi hata basi moja la mkoani. Wanawake waliokuwa melini hawakuulizwa.

7. Shamba kubwa na koloni dogo

Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili alilipa deni la pauni 16,000 kwa kumpa William Penn ardhi ya Pennsylvania. Ukubwa wake? Takriban kilomita za mraba 117,000, karibu sawa na Malawi nzima! Penn alikuwa Quaker, wa madhehebu ambayo leo yana waumini wengi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote, na humo alitangaza uhuru wa kuabudu. Mwaka 1688, huko Germantown, wanaume wanne waliandika pingamizi dhidi ya utumwa, la kwanza la aina yake kuandikwa na walowezi wa makoloni hayo.

Upande wa pili ni Rhode Island. Nchi kavu yake inakaribiana na Unguja na Pemba zikiunganishwa. Lakini hati yake ya mwaka 1663, iliyolinda uhuru wa dhamiri, ilitumika hadi 1843. Miaka 180! Hiyo ni karibu mara tatu ya umri wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

6. Hukumu iliyotoka upesi kuliko kesi yenyewe

John Peter Zenger, mchapishaji wa New York, alisota rumande zaidi ya miezi minane kwa sababu gazeti lake lilimkosoa Gavana William Cosby. Mkewe Anna ndiye aliyeendelea kulitoa. Kesi ikasikilizwa Agosti 1735. Kwa sheria ya wakati ule, ukweli haukuwa utetezi. Swali lilikuwa moja tu, je, ulichapisha? Wakili Andrew Hamilton akajibu: ndiyo, alichapisha, na sasa wananchi hawa 12 wa jopo la mahakama waamue kama ni uongo. Wale 12 walichukua dakika chache kusema hana hatia. Sheria haikubadilika siku hiyo, lakini kila gavana aliipata habari.

5. Kura yenye vinywaji vingi

Virginia, ili upige kura, sheria ya 1736 ilitaka uwe na ekari 100 za pori, au ekari 25 zenye nyumba na shamba. Hizo 25 ni viwanja 14 hivi vya mpira, na hapo ndipo mlango ulipoanzia! Kura yenyewe ilitajwa kwa sauti, mbele ya wagombea. Mwaka 1755, katika kaunti ya Frederick, George Washington aliambulia kura 40, akaangushwa vibaya. Mwaka 1758 watu wake waliwamwagia wapiga kura ramu, mvinyo na bia zaidi ya lita 500, sawa na kreti 70 za soda za mililita 300. Waliopiga kura hawakufika 400. Safari hii aliongoza.

4. Chai ghali kuliko zote baharini: tani 42

Desemba 16, 1773, watu wapatao 5,000 walikusanyika Boston, mji wa watu 16,000 hivi. Kwa kipimo cha Dar es Salaam, huo ni mkutano wa watu milioni 1.7! Hoja ilikuwa kwamba hakuna kodi, hata ya chai, bila uwakilishi. Usiku huo masanduku 342 ya chai yalipasuliwa na kumwagwa bandarini. Pakia Fuso nne za tani kumi kumi, na bado tani mbili zitabaki chini.

3. Pengo pana kuliko yote

Julai 1776 Azimio la Uhuru likatangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Walitia saini wajumbe 56: Edward Rutledge akiwa mdogo wao, mwenye miaka 26, na Benjamin Franklin mkubwa wao, mwenye miaka 70. Kati yao, 41 walimiliki watumwa wakati fulani wa maisha yao. Na watumwa walikuwa karibu nusu milioni: jaza Uwanja wa Benjamin Mkapa hadi siti ya mwisho, mara nane. Hakuna takwimu katika orodha hii inayouma zaidi.

2. Kura iliyotangulia wenzake

Katiba ya New Jersey ya 1776 iliwapa kura wakazi wote wenye mali ya pauni 50. Wote! Wanawake wasioolewa na wajane wakapiga kura, na Waafrika huru pia. Mwaka 1807 sheria mpya ikawafungia nje. Wanawake wa nchi nzima walisubiri hadi 1920: miaka 113 kupata tena kile ambacho jimbo moja lilikuwa nacho tangu mwanzo.

1. Bingwa: Elizabeth Freeman

Alikuwa mtumwa katika nyumba ya Kanali John Ashley, Sheffield, Massachusetts. Ni katika nyumba hiyo, mwaka 1773, lilipoandikwa tamko kwamba binadamu ni sawa na huru. Inasimuliwa kwamba siku moja mke wa Ashley aliinua koleo la moto la jikoni ampige msichana mmoja. Freeman akaukinga mkono wake. Kovu hakulificha kamwe.

Katiba ya Massachusetts ya 1780 ndiyo kongwe kuliko zote zilizoandikwa na zinazotumika hadi leo duniani. Ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu Freeman, asiyejua kusoma wala kuandika, alipoipeleka mahakamani kudai uhuru wake. Agosti 1781 alishinda, akapewa uhuru pamoja na fidia ya shilingi 30. Ashley akamwomba arudi kwa mshahara. Alikataa.

Kesi nyingine zikafuata, na sensa ya kwanza ya Marekani, mwaka 1790, ikahesabu watumwa wa Massachusetts: sifuri. Ndiyo namba ndogo kuliko zote hapa, na ndiyo inayobeba kombe!